Mtani wa Watu wa Juu

Utani ulimkwama Nyamizi kooni kama mfupa wa perege. Ulikuwa utani mzuri, utani ambao babu yake mzaa baba angeufuata kwa miguu kutoka Tabora hadi Manyoni ili ausikie tu na kurudi. Lakini yeye alifumba mdomo, akavuta pumzi kwa pua kama mtu anayenyweshwa dawa ya minyoo, akaumeza.

Kisa chenyewe kilikuwa kinatembea mbele ya macho yake. Ligaya, msichana wa juu, alikuwa anavuka bwalo la chakula la Sekondari ya Mikwajukumi na sahani ya makande mkononi. Miguu yake mirefu ilifungwa vyuma, na kila hatua mota za magotini zililia ngiii, ngiii, kama mbu walioajiriwa. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa jiko. Alifika mezani, akataka kuvuta kiti, mikono haikumtosha. Basi akaiachia sahani hewani ili ashike kiti vizuri.

Sahani ilifanya zinachofanya sahani zote za dunia hii. Makande yakatapakaa hadi kwenye viatu vya kiranja.

Ligaya alibaki ameinua mkono, macho yametua pale sahani ilipopaswa kuwa. Tangu ashuke misimu miwili ilikuwa imepita na bado mikono yake ilikuwa inasahau. Kule Kituoni alikozaliwa, juu kabisa ya Kamba, ile njia ya behewa inayopanda hadi nje ya anga, kitu ukikiachia kinakungoja. Huku chini hakuna kinachomngoja mtu.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema pole. Bwalo zima liligeuka likaanza kusoma ukuta, ingawa ukuta ule haukuandikwa kitu. Ligaya aliinama polepole, vyuma vikilia, akaokota maharage yake moja moja kati ya miguu ya watu waliojifanya hawana miguu.

Nyamizi alishika kola ya shati lake. Kifungo kilikuwa kimeanza kupata moto.

Kila mwanafunzi alikuwa nacho, kidogo kama punje ya hindi, kimeshonewa kolani. Kilisikiliza neno, kikasikiliza na pumzi iliyolibeba na moyo uliolituma. Kijani, umetulia. Njano, chunga mdomo. Nyekundu, umemdhalilisha mwenzako, na taarifa imeshafika ofisi kuu ya vifungo kabla ulimi wako haujarudi kulala. Wataalamu waliokitengeneza hawakuwa wajinga. Walijua nchi hii ina watani, na wakakifundisha nani mtani wa nani. Kwa hiyo Nyamizi, Mnyamwezi, angeweza kumwambia rafiki yake Pazi kwamba Wazaramo wakipewa jembe huuliza linapigwaje kama ngoma, na Pazi angemjibu kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia kifuani, na vifungo vyote viwili vingekaa kijani kama majani ya maboga. Lakini watu wa juu hawakuwamo katika orodha ile. Hakuna mtu aliyejua watani wao ni nani, wao wenyewe wakiwa wa mwisho kujua.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kumwambia Ligaya, "Pole na hiyo miguu." Kikawaka njano. Tangu siku hiyo shule nzima ilimheshimu Ligaya kama inavyoiheshimu transfoma ya umeme: kila mtu alipita kwa mbali.

Na shule ikaongoza taifa zima. Mikwajukumi, shule isiyo na chuki. Zawadi yake ilikuwa siti moja katika behewa la Kamba, kwa mwanafunzi mmoja mwenye kifungo safi na alama nzuri, akasome Kituoni mpaka amalize. Jina lililosomwa mstarini lilikuwa la Nyamizi, binti wa mchoma mahindi wa stendi, ambaye mdomo wake ulishamfukuzisha shule moja na kumponza kwa shangazi wawili. Tangu utotoni alikuwa akilala chali pembeni ya jiko la mama yake, akiifuata Kamba kwa macho mpaka inapotelea kwenye weupe wa anga, na kujiapiza kwamba iko siku. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa hii. Alichotakiwa kufanya hadi hapo ni kunyamaza, kazi ambayo hata kisiki huiweza.

*

Jumatano habari ilishuka kwa Kamba, kama habari zote za juu. Mwalimu Chilongola, mkuu wa shule, mama wa Kigogo ambaye akiita jina lako uwanjani hata asiyeitwa hivyo husimama, alimwita Ligaya ofisini na kumweleza. Babu yake, mzee Amado, amefariki Kituoni. Ameacha wosia kwamba asirushwe juani kama wafanyavyo watu wa juu kwa wafu wao. Arudishwe chini, azikwe kwenye makaburi ya wajenzi nyuma ya uwanja wa mpira wa shule, kwa sababu ujana wake aliutumia pale pale akiisuka Kamba. Alitaka, alisema, kulala mahali ambapo kitu ukikiachia kinatua.

Jeneza lingeshuka Ijumaa asubuhi, na behewa hilo hilo lingempandisha Nyamizi alasiri.

Wazazi wa Ligaya wasingekuja. Wao walizaliwa juu kabla haijatungwa sheria ya watoto kushushwa ili wakomaze mifupa. Mifupa yao haikuwahi kubeba hata miili yao wenyewe, na huku chini wangevunjika kama tambi. Kwa hiyo dunia nzima, kwa upande wa wafiwa, mzee alikuwa na msichana mmoja mwenye vyuma miguuni.

Watu wa Mikwajukumi hawakuwa wabaya. Wengi walitaka kumwendea. Lakini kila aliyekaribia alikumbuka ile pole ya kidato cha tatu, akagusa kola yake, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali. Jumatano Ligaya hakula. Alhamisi asubuhi alikaa mbele ya uji mpaka ukafanya ngozi juu, akauacha.

Nyamizi alimfuata Pazi bombani, akamkuta anajaza ndoo za jiko kwa mwendo wake wa siku zote, mwendo wa mtu anayesubiri ndoo zijae zenyewe kwa aibu.

"Kwenu mfiwa akikataa kula mnafanyaje?" alimuuliza.

"Si tunawaita nyie," Pazi akasema. "Mnakuja bila haya, mnamsema marehemu, mnalala kaburini, mnakula chakula chetu chote. Mfiwa anacheka, msiba unapumua."

"Na huyu amwite nani?"

Pazi aliitazama ndoo. "Watu wa juu hawana mtani."

"Hata nyie hamkuwa na mtani hadi tulipopita kwenu na mizigo."

Pazi alifunga bomba. Alimjua vizuri mno, na alishaona linakokwenda. Akamwambia, safari hii bila mzaha hata chembe, kwamba kesho alasiri behewa linapanda, na kwamba mama yake amekwisha kuwatangazia wauza mahindi wote wa stendi. Akamsihi anyamaze. Mtani wake ndiye anayemsihi.

Nyamizi alikuwa ameinua uso anaitazama Kamba. Babu zake walibeba pembe na nyaya za shaba kutoka Unyamwezi hadi pwani, na kila nchi waliyopita waliacha watani, kwa sababu mtu hapiti uani kwa mwenzake miaka nenda miaka rudi bila ama kupigana naye ama kutaniana naye. Zamani njia ilikwenda pwani. Sasa njia inakwenda juu. Wapagazi wa siku hizi wanapanda. Mbona basi hakuna hata mmoja aliyeacha watani huko, kama wapagazi wa zamani?

"Mzaramo," alisema, "lete hiyo ndoo. Msiba hauendi bila maji."

*

Mchana bwalo lilikuwa limejaa. Ligaya alikuwa peke yake kwenye meza ya watu wanane, ugali na mchicha mbele yake havijaguswa. Nyamizi alivuta kiti, akaketi uso kwa uso naye. Minong'ono ikakatika meza moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa.

Kisha akajivutia sahani ya Ligaya, akamega tonge, akachovya, akala.

Ligaya alimtazama kama mtu anayeota.

"Mimi ni mtani wako," Nyamizi akasema mdomo umejaa. "Kuanzia sasa hivi. Kwetu mfiwa asipokula, mtani anakula. Na babu yako huyu, mzee Amado, kwa kweli hana haya. Tangu apande juu kaishi anaelea, hata kitanda hakukihitaji. Hakukanyaga ardhi, hakulima, hakufagia. Leo kafa, ndio anakumbuka shimo. Tena nyie mlivyo warefu, shimo la mtu wenu si tutachimba mpaka mvua za masika? Labda tumkunje."

Kifungo kilichoma ngozi ya shingo yake, kikalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Mwanga mwekundu ukapiga kidevu chake. Bwalo likashusha pumzi kwa pamoja. Huko mezani kwa kidato cha sita mtu alisema taratibu, kama anayesoma tanzia, "Siti imekwenda."

Nyamizi alijua hivyo. Akamega tonge jingine maana sasa lilikuwa limelipiwa.

Ligaya alikuwa bado anamtazama. Midomo ilimtetemeka, na kwa muda ambao Nyamizi hatausahau hakuna aliyejua itakwenda upande gani.

"Umesema mumkunje?"

"Mara tatu, kama shuka."

Sauti iliyomtoka Ligaya ilianza kama kilio, ikapotea njia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka vyuma vya magoti vikapiga meza. Akasema, akijifuta pua kwa mkono wa sweta, kwamba babu yake alikuwa akijikunja kweli. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa akijikunja kama barua na kuingia kwenye mabomba ya Kituo kurekebisha nyaya, na mara moja alikwama humo kutwa nzima, akawa anaimba ili wasimsahau. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Halafu akaona sahani imebaki nusu, akaivuta kwake kwa nguvu.

"Huyu anamaliza chakula changu," akasema. "Ndiyo maana babu alikuwa akiwaita Wazito. Alisema mkipanda behewani Kamba inalia."

Na kifungo cha Ligaya, kifungo safi kuliko vyote katika taifa, kikawaka nyekundu.

Pazi alikuwa ameshafika na ndoo yake. Aliitua, akakaa, akaishika kola yake kama anayeagana nayo, akamuuliza Ligaya kama ni kweli huko juu mtu akipiga chafya anarudi nyuma mpaka ukutani, maana kama ni kweli yeye angependa ukoo mzima wa Nyamizi upewe ugoro upelekwe huko. Kikalia. Binti wa kidato cha tatu, yule wa pole, alikuja akamwambia Ligaya kwamba kwa urefu ule angewafaa kuanua nguo kambani. Kikalia. Sasa walikuwa wanakuja kutoka pande zote, wengine wanapiga makofi, wengine wanamimina mchicha wao kwenye sahani ya mfiwa, na bwalo la Mikwajukumi likawa jekundu kama tanuri la matofali, na kelele yake ilisikika hadi barabarani.

Ndipo Benitho, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa amekunja mikono muda wote, akapaza sauti kutoka nyuma. Akasema mwenye miguu ya kutengenezwa kiwandani apelekwe kiwandani, shule ni ya watu. Akacheka peke yake.

Kifungo chake kiliwaka nyekundu ile ile. Hakikuwa chekundu zaidi, wala hakikupungua.

Ligaya aliacha kutafuna.

"Nini?" Benitho akasema. "Si utani tu?"

Nyamizi alikwenda hadi mezani kwake. Mlango huu alikuwa ameufungua yeye. Alimtazama Benitho, ambaye hakuwa jitu, alikuwa mvulana mwenye chunusi.

"Sawa, mtani," akamwambia. "Mtani ana kazi. Kesho kuna kaburi la kuchimba, na ardhi ya hapa ni mawe. Sururu ya kwanza ni yako."

*

Mwalimu Chilongola hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole kwamba kwa adhuhuri moja Mikwajukumi imekuwa shule yenye chuki kuliko zote nchini, na kwamba mkaguzi wa vifungo anakuja kesho, Bwana Rwechungura mwenyewe.

Kisha akaeleza jambo ambalo Nyamizi alilisikia nusu nusu tu mabwenini. Kabla ya vifungo palikuwa na mvulana hapa, Gidahoda, Mdatoga. Walimwita mwizi wa ng'ombe asubuhi, mchana na jioni, na kila walipoulizwa wakasema utani tu. Alitoroka shule kupitia porini. Hakufika kwao.

"Ni mimi niliyekwenda kumweleza mama yake," Mwalimu akasema. "Vifungo hivi niliviomba mimi. Na leo ulipofungua mlango, aliyeingia wa mwisho ulimwona."

Nyamizi alitazama mikono yake. Akauliza kama, kwa hao waliokuwa wakimtania Gidahoda, alikuwapo hata mmoja aliyekwenda msibani kuchota maji, au kupasua kuni, au kuosha sufuria.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Hakuna hata mmoja."

"Basi hao hawakuwa watani, Mwalimu. Walikuwa wanatukana bure."

"Kifungo hakijui nani kachota maji, Nyamizi."

"Ndiyo. Lakini sisi tunajua."

Mama yule alimtazama kwa macho ya mtu anayepima unga ambao huenda una wadudu. Akauliza, na Benitho asipokuja makaburini? Nyamizi akasema kama hakuja, basi amekosea yeye, na Mwalimu amfukuze naye hatalalamika.

*

Ijumaa jua lilichomoza na behewa likashuka, duara la fedha likiteleza kwenye Kamba bila sauti, likatua nyuma ya vichaka vya mikwaju. Wanafunzi walipofika makaburini na sururu na mabeleshi walikuta mtu amewatangulia. Benitho alikuwa ameshachimba hadi magotini. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Hakumtazama mtu, na hakuna aliyemsemesha, ila Ligaya alisogea ukingoni, ngiii, ngiii, akachungulia.

"Shimo fupi," akasema. "Umejipimia wewe?"

Benitho aliinua uso. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Kwa sauti ndogo akasema ataongeza, mtani, na akaongeza, na alichimba mpaka wenzake wakamtoa kwa nguvu.

Jeneza lilikuwa refu kweli. Lilibebwa na vijana wanane likapindapinda katikati ya makaburi kama treni. Nyamizi alipoona linakaribia alijua saa yake imefika. Akaruka kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Shimo limejaa," akatangaza. "Mzee Amado arudi alikotoka. Hapa nimelala mimi, na sitoki mpaka nielezwe ukoo huu utanilisha nini."

Watu walicheka huku wanalia, kama inavyopaswa. Ligaya alishikilia mti wa msalaba wa mjenzi mmoja asianguke kwa kicheko. Katikati ya furaha hiyo kivuli kikaangukia shimo. Nyamizi alifumbua macho, akamwona mtu wa suti ya kijivu, kishikwambi kifuani, viatu vinang'aa ukingoni mwa udongo.

Bwana Rwechungura hakuwa mtu mkatili. Alisubiri kicheko kiishe, akatoa pole kwa mfiwa, akaeleza kwa ufasaha kwamba utaratibu unampa mwanafunzi nafasi moja. Nyamizi aseme mbele ya wote kwamba maneno yake ya jana yalikuwa ya dharau, aombe radhi, kifungo kitarudi kijani. Behewa linapanda saa kumi. Siti bado ina jina lake.

"Ni sentensi moja tu, binti yangu," akasema. "Sema, upande."

Kutoka chini ya kaburi anga ni kipande chembamba, na katikati ya kipande hicho ilipita Kamba. Nyamizi hakuwahi kuiona ikiwa nzuri vile. Alimwona mama yake stendi, anafuta masizi ili aangalie juu. Alijiona yeye mwenyewe dirishani, dunia nzima imekuwa ndogo kama chungwa. Ilikuwa sentensi moja, na alikuwa amekwisha kumeza maneno mengi kuliko hayo mwaka huu.

Alikaa. Udongo ukamwagika kutoka nywelini.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi," akasema. "Nikiomba radhi, ndipo nitakuwa nimemtukana."

Mkaguzi akasema hakuelewa.

"Jana nilimtania. Leo nikisema ilikuwa dharau, itakuwa dharau, toka jana. Na yeye atabaki hana mtu."

Bendera ya shule ilijipiga mlingotini. Halafu ikasikika ngiii. Ligaya alikuwa anashuka kaburini. Hakuna aliyemwambia ashuke, na hakuna aliyeweza kumsaidia, maana kila mkono ulionyooshwa aliusukuma. Akateleza, akafika chini kwa kishindo, wakawa wawili wamebanana ndani ya shimo la babu yake. Akanyoosha vidole virefu kwenye kola ya Nyamizi, akakikwanyua kifungo pamoja na uzi wake.

"Mtani akichukua kitu chako unasemaje?" akauliza. Pazi ndiye aliyemfundisha, usiku kucha, bila shaka.

Nyamizi alikohoa. "Huna la kusema. Umeibiwa kihalali."

Ligaya alikiinua kifungo juu ya kichwa, kinawaka, kinalia. Safari hii hakukitazama. Aliitazama ardhi, mahali hasa kitakapofika, akafungua vidole.

Kikaanguka kwenye udongo mbichi, kikatulia.

"Kimetua," akasema.

Waliwavuta juu wote wawili, wametapakaa udongo hadi kwenye kope. Mzee Amado akashushwa, bila kukunjwa, akatosha na nafasi ya kugeuka. Bwana Rwechungura alifungua mdomo kuanza kifungu kingine cha utaratibu. Mwalimu Chilongola alimwekea beleshi mkononi, akamwambia kwa heshima zote kwamba makaburini kwao Ugogo anayesema sana hupewa zana. Mkaguzi aliliangalia beleshi, akaangalia vijana wote wale wenye kola nyekundu, hakuna aliyekuwa anaficha yake. Akavua koti. Chini ya udongo wa kwanza kifungo kiliendelea kulia, kwa mbali, kikimhesabia makosa mtu aliyekwisha kulala.

Saa kumi behewa lilipanda. Nyamizi na Ligaya walikuwa wamekaa juu ya tuta la kaburi jipya, wanakula mahindi ambayo mama yake Nyamizi alikuwa amewachomea abiria wa behewa, akaishia kuwachomea wazikaji, bila kusema neno, akimpiga binti yake begani kila alipopita. Behewa lilikuwa sarafu, likawa punje, likawa kitu ambacho macho yanakiona kwa ukaidi tu. Nyamizi hakulia. Koo ndilo lililobana, pale pale uliponasa ule mfupa wa perege.

Ligaya alimsukuma kwa kiwiko. "Ungepanda, Kamba ingekatika."

"Siku utakayokufa wewe," Nyamizi akasema, bado anatazama juu, "nitapanda hata kwa kucha. Nitakuja msibani kwenu, na nitakula chakula chenu chote."

"Huko hakikai sahanini," Ligaya akamwambia. "Itabidi ukikimbize."